Mwalimu Asiyeunganisha Nukta

Mwalimu wa hesabu hakuingia dukani kwangu na viatu. Nilimwambia mara nyingi kwamba sakafu ni saruji tu, tena imepasuka, na wateja wengine wanaingia na tope la mbuga mpaka magotini. Hakusikia. Alivivua mlangoni, akavipanga sambamba, akaingia na soksi zake za kijivu na kuketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyewahi kanisani na kukuta ibada haijaanza.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka, Mwalimu. Leo mafuta ya jenereta ni kidogo."

"Kidogo kinatosha. Nukta hazili sana."

Duka lilikuwa Bariadi mjini, katika chumba cha pembeni cha lililokuwa duka la ushirika. Miaka hiyo ushirika ulikuwa umelala. Rafu ndefu zilibaki, kaunta yenye alama za mizani ilibaki, lakini foleni za sukari na khanga zilikuwa zimekwisha, na kila chumba kilikuwa kimepangishwa kwa mtu na shughuli yake: huyu mitumba, huyu dawa za mifugo, huyu kanda za muziki. Mimi nilikuwa na mashine ya fotokopi, kompyuta moja ambayo shemeji yangu aliileta kutoka Mwanza imeviringishwa ndani ya godoro, na printa iliyolia kama cherehani yenye hasira. Nilichapa barua za kuomba kazi, katiba za vikundi, na mabango ya wanunuzi wapya wa pamba, ambao kila msimu walikuja na malori ya rangi nyingine. Kinu cha kuchambua pamba kilipokuwa kikifanya kazi, nyuzi nyeupe zilielea hewani na kunasa kwenye wavu wa dirisha. Mchana wa kiangazi ulipita polepole nyuma ya wavu ule, na mtu akikaa kimya aliweza kudhani mji mzima unaota.

Programu yake ya hesabu aliachiwa na kijana mmoja Mzungu, mwalimu wa kujitolea aliyefundisha naye kisha akarudi kwao. Ilikuwa ndani ya disketi chache alizozibeba kwenye kopo la maziwa ya unga ili vumbi lisiziguse. Ilijua mambo mengi, lakini yeye alipenda jambo moja tu. Aliandika orodha ya jozi za namba, kila jozi ndani ya mabano, na orodha nzima ndani ya mabano makubwa yale yenye kiuno katikati, ambayo aliyaita nyigu. Alijisomea kwa sauti huku akipiga kibodi kwa kidole kimoja: "Nyigu wa kufungua. Jozi. Mkato. Jozi. Mkato. Nyigu wa kufunga." Kisha aliandika amri ya kuchora, akabonyeza, akarudisha mgongo nyuma.

Kompyuta ilifikiri. Halafu katika kioo cheusi nukta zilitokea moja moja, nyeupe, kama nyota za saa moja jioni.

Hapo hakutaka kusemeshwa. Mteja akiingia kutoa fotokopi ya cheti, alimwinulia kiganja, na mteja, bila kujua kwa nini, alisimama naye kutazama.

Alichora kila alichoweza kupima. Mvua iliyopimwa shuleni na tarehe za kupanda. Urefu wa mche wa pamba na vitumba vyake. Mwendo wa mwanafunzi kutoka nyumbani na alama zake za mtihani. Na kila mara, nilipomuuliza kama nimchapishie ikiwa na mstari, kwa sababu programu ilikuwa na amri ya kuunganisha nukta kwa mstari na mimi nilidhani mstari unapendeza, alitikisa kichwa.

"Nukta ni kitu kilichotokea, mayu. Mstari ni kitu tulichosema sisi."

Nilimwambia mistari ya kwenye vitabu inasaidia watu kuelewa.

"Inawasaidia kuacha kutazama," alijibu.

Darasani hakuwa na fimbo. Alikuwa na kamba. Ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo aliyoyafunga mwenyewe kwa nafasi zilizo sawa, na mwanafunzi aliyepiga kelele alikabidhiwa kamba hiyo na kutumwa kupima kitu: uzio wa ngitili, malisho ya akiba ya jirani, kivuli cha mlingoti wa bendera, mzingo wa tumbo la mpishi, ambaye alikubali kupimwa kwa sharti kwamba jibu lisisomwe kwa sauti. Nimekutana na watu wazima mjini, mmoja sasa ni fundi wa magari, mwingine mama wa mgahawa, ambao wakiona kamba tu wanacheka peke yao.

Alifundisha nukta kwa karanga. Alimwaga konzi ya karanga juu ya kaunta yangu, akaziacha zikae zilivyoangukia, akauliza, "Unaona nini?" Nilisema naona karanga zimejikusanya, isipokuwa moja imekwenda mbali. Nikanyosha mkono kwa ile ya mbali niile. Akanishika mkono, kwa upole lakini kwa kweli.

"Kula hizi za kwenye kundi. Hiyo iache."

"Ina nini?"

"Sijui. Ndiyo maana iache. Watu wakimwona aliyekaa mbali na wenzake wanamfuta, wanasema amekosea kupima. Mimi simfuti. Namuuliza kwanza, ulikuwa wapi?"

Karanga za kundi tulizimaliza. Ile moja ilibaki kwenye kaunta mpaka nilipofunga duka, nami niliona aibu kuitupa, nikaiweka dirishani.

Nisimfanye mtu mtakatifu, maana hakuwa. Mtu huyu aliyekataa kuunganisha nukta mbili kwenye karatasi aliunganisha binadamu wa Bariadi mchana kutwa. Hakuna aliyejua umbea kumzidi. Akimwona karani wa kinu amenyoa ndevu, na siku hiyo hiyo muuguzi fulani amenunua kitambaa cha kitenge, aliingia dukani na kutangaza harusi. "Umesikia wapi?" niliuliza. "Sijasikia. Nimeona." Mara nyingi alikosea, na akikosea hakuona haya, alisema hao wawili ndio waliochelewa. Alisisitiza usahihi wa desimali lakini alichelewa kila mahali, hata kwenye mazishi. Alitokea Nassa, upande wa ziwani, akakulia majini, lakini maji ya Bariadi hakuyanywa mpaka yamechemshwa mara mbili, na alipovuka daraja alishika kofia yake kana kwamba mto mkavu ungeweza kumrukia. Nilimuuliza mbona anaunganisha watu na hataki kuunganisha namba.

"Watu wanaweza kunikatalia," alisema. "Namba haziwezi."

Sasa nifike kwenye kisima, maana kwa kisima ndiyo watu wanamkumbuka.

Shule yake ilikuwa nje kidogo ya mji, shule ya wazazi, iliyojengwa kwa michango miaka ile watu walipoambiwa kwamba wakitaka shule wajijengee. Ilikuwa na bweni la wasichana. Bweni halikuwa na maji. Wasichana walishuka mtoni kiangazi kizima, wakafukua mchanga kwa mabakuli, wakasubiri maji yajikusanye, wakapanda na ndoo kichwani, na vipindi vya asubuhi viliwapita. Mkaguzi alikuja akaangalia, akasema maneno machache: bweni lisilo na maji litafungwa. Likifungwa, wasichana wanarudi kwao. Kila mtu alijua maana ya kurudi kwao. Kulikuwa na mmoja wa kidato cha pili, mrembo wa maneno machache, ambaye baba yake mdogo alikuwa ameshazungumza na watu wa upande wa pili, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatazamwa. Walikubaliana kungoja tu. Bweni likiwepo, msichana asome. Likifungwa, hakuna cha kungoja tena.

Wazazi walichanga wakapata fedha za shimo moja. Siyo mawili. Fundi mwenye mtambo wa kuchimba angekuja na lori lake, angechimba pale atakapoonyeshwa, na angeondoka, liwe na maji au vumbi. Mwenyekiti wa bodi ya shule, ambaye pia alikuwa wakala wa mnunuzi mmoja wa pamba na mtu wa haraka katika kila jambo, alimwendea Mwalimu na kumwambia atumie kompyuta.

Mwalimu aliwatuma wasichana na kamba ya mafundo. Walizunguka vijiji vya jirani wakapima visima vyote vya mkono: kila kisima kiko mbali kiasi gani na mto, na maji yako chini kiasi gani. Walirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Visima vilisema jambo moja: ukikaa karibu na mto, maji yako juu, ukiusogelea mlima, yanazama. Vyote isipokuwa kimoja. Yule wa kidato cha pili alileta kipimo cha kisima cha mjane mmoja aliyekaa mbali kabisa na mto, kwenye ukingo wa mbuga, na kwa kipimo chake maji yalikuwa karibu kuguswa kwa mkono.

Wenzake walimcheka mbele ya Mwalimu. "Huyu alichoka kutembea, akalala kivulini, akatunga!"

"Ulifika?" Mwalimu alimuuliza.

"Nilifika, Mwalimu. Mama alinipa na michembe ya viazi nikala."

"Basi," alisema, akaiandika.

Alikuja nayo dukani Jumamosi, Mwenyekiti akimfuata kwa pikipiki. Viatu mlangoni. Nyigu wa kufungua, jozi, mkato. Nukta zikatokea. Zilishuka kwa pamoja kama kundi la ng'ombe wanaokwenda kunywa, na ile moja ilisimama mbali, peke yake, pembeni.

Mwenyekiti aliinama juu ya bega lake. "Mwalimu, hivi ni nini? Inzi wametua kwenye kioo?"

"Ni visima, Mwenyekiti. Kila nukta kisima kimoja. Huku umbali toka mtoni, huku kina."

"Nikawaonyeshe wazazi inzi? Watu wameuza mbuzi! Wanataka kuona maji yanapita wapi. Unganisha."

"Hizi haziunganiki."

"Kompyuta inashindwa?"

"Kompyuta haishindwi. Hilo ndilo tatizo lake."

"Mwalimu wangu, mimi siyo mwanafunzi. Fundi anakuja keshokutwa. Nipe kitu cha kubandika ubaoni. Unganisha, hata kidogo."

Nilimwona Mwalimu akikaa na kidole hewani juu ya kibodi. Sijui alifikiria nini. Labda bweni, labda alichoka. Aliandika ile amri ambayo sikuwahi kumwona akiiandika, akabonyeza, akaniashiria nichapishe. Printa ikaanza kulia.

Mstari haukwenda kama alivyotarajia Mwenyekiti, wala kama nilivyotarajia mimi. Programu ilikuwa inaunganisha nukta kwa kufuata orodha, na orodha ilikuwa imeandikwa kama wasichana walivyotembea: kwanza kisima cha jirani, kisha cha mtoni, kisha cha juu kanisani, kisha kingine cha mtoni walikokwenda kunawa. Kwa hiyo mstari ulikwenda ukarudi, ukapanda ukashuka, ukajikata wenyewe, na mahali pamoja ulijikata mara nyingi hata wino ukawa fundo jeusi.

Mwalimu aliangua kicheko. "Umefuata miguu yao! Mayu, tazama, hapa ndipo waliponawa. Ngoja niipange orodha upya, kuanzia kwa aliye karibu na mto..."

Jenereta ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Kioo kikazimika. Mwenyekiti alikuwa ameshachana karatasi kutoka kwenye printa.

"Hii inatosha kabisa," alisema, naye alikuwa mlangoni.

"Mwenyekiti, hiyo bado!"

Tulisikia pikipiki tu.

Mkutano ulikuwa Jumapili, watu walipotoka makanisani, katika darasa lenye madirisha yasiyo na vioo. Niliitwa kuandika muhtasari. Wazazi walijaa kwenye madawati, wengine wamekalia meza, na wasichana wa bweni walisimama nje, wameegemea madirisha, kimya kuliko wasichana wanavyokuwa. Mwenyekiti alibandika karatasi ubaoni kwa miiba ya mgunga, akasema kwa sauti kubwa, "Kazi ya Mwalimu wetu hii hapa. Kompyuta imetoboa ardhi."

Nilikaa nyuma. Kutoka pale niliona fundo na mistari tu. Namba za pembeni zilikuwa hafifu, na utepe wa printa yangu ulikuwa umechakaa.

Alisimama babu mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa bwenini. Alikuwa mfumu, mganga anayeheshimiwa, aliyewasomea watu kuku: anampasua kifaranga, anaangalia mbawa na maini, anakwambia ugonjwa umetoka upande gani. Alisogea ubaoni, mikono nyuma, akatazama muda mrefu.

"Kuku huyu amepasuliwa vizuri," alisema.

Darasa lilicheka. Mama mmoja wa kwaya alimpazia babu sauti, "Guku, hiyo siyo kuku! Ni kompyuta hiyo!"

"Mayu, na kuku naye hakusema kitu mpaka alipopasuliwa."

Wakacheka tena, lakini shingo zilikuwa zimenyooka. Babu alianza kusoma, taratibu, bila mzaha. Juu ya karatasi ni juu, kanisani. Chini ni chini, mbugani. Maji yanatoka huku, yanakwenda, yanarudi, yanazunguka, na hapa yamelala, hapa yamefunga fundo. Kidole chake kilisimama upande wa juu wa karatasi.

"Juu ni wapi hapo?" mtu aliuliza.

"Uwanja wa mpira," alijibu mwingine. "Golini kabisa!"

"Tuchimbe golini!"

Mwalimu alisimama. Alikuwa amechelewa, amekaa karibu na mlango, viatu mkononi kwa mazoea. Mwenyekiti akasema, "Haya, mwenyewe huyo, athibitishe."

Alikwenda mbele. Alichomoa mwiba mmoja, akachomoa wa pili, wa tatu, wa nne. Akaishika karatasi, akaigeuza juu chini, akaichomeka tena kwa miiba ile ile, akizinyosha pembe zake kwa kiganja. Kisha aligeuka kutukabili na kufungua kinywa.

Lakini babu alikuwa ameshainama. "Ahaa!" alisema. "Nilikuwa nimemshika kuku kwa miguu." Kidole chake kikafuata fundo mpaka chini, pembeni, kikasimama. "Siyo golini. Ni huku. Ukingo wa mbuga, mkabala na kwa yule mjane."

Makofi yalilipuka kama mvua kwenye bati. Wanawake walipiga vigelegele. Mwenyekiti alifunga kikao kabla watu hawajabadili mawazo, na mimi niliandika: mahali pamepatikana. Mwalimu alibaki amesimama, kinywa wazi. Alitazama madirisha, kwenye zile nyuso. Halafu akafunga kinywa, akaketi kwenye dawati la mbele lililokuwa dogo kwake.

Fundi alichimba siku nzima. Wasichana hawakuingia darasani na hakuna aliyewalazimisha. Lilitoka vumbi, kisha udongo wenye unyevu uliowafanya watu washikane mikono, kisha jiwe, na wakati wa jiwe mikono iliachana. Maji yalipokuja yalikuwa matope, kisha rangi ya chai, kisha meupe. Yule wa kidato cha pili alisimama ndani yake na sare yake yote. Baba yake mdogo alikuwepo pia, amejikunja kwenye baiskeli. Alitazama maji, akamtazama msichana, akageuza baiskeli akaondoka.

Mwalimu hakuwepo. Nilirudi dukani nikamkuta ameketi ndani, viatu mlangoni, jenereta inanguruma kwa mafuta aliyonunua mwenyewe. Alikuwa ameipanga upya orodha. Hakuiunganisha. Alikuwa anaitazama ile nukta ya pembeni.

"Maji yametoka!" nilimwambia.

"Nimesikia vigelegele," alisema. Hakugeuka.

Siku hiyo niliamini kwamba nimemwelewa, na niliamini hivyo kwa miaka mingi. Niliona hivi: mtu huyu alijua mahali pa kuchimba, akajua hawatamsikiliza akieleza, akageuza karatasi ili wajidanganye kuelekea kwenye ukweli. Mtu asiyetaka mstari aliweka mstari wa uongo mara moja maishani, kwa ajili ya wasichana. Nilimsimulia mume wangu, nikawasimulia wateja. Niliona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kushuhudia.

Umaarufu ulimkalia vibaya. Watu walianza kuja dukani kumtafuta. Mzee mmoja alitembea kutoka mbali, akasimama mlangoni, akavua viatu kwa kuona vingine vimevuliwa.

"Mwadila, Mwalimu. Nichoree ng'ombe wangu. Wameibiwa."

"Bhabha, siwezi."

"Nimekuja na kitu kidogo."

"Siyo hivyo. Sina namba."

"Namba ninazo. Walikuwa kumi na moja."

Mwalimu alimkalisha, akamnunulia chai, akamweleza kwa nusu saa kwamba namba moja haichoreki. Mzee alimsikiliza kwa heshima, akaondoka akiamini kwamba amekataliwa kwa sababu kitu chake kilikuwa kidogo mno. Wengine walifuata: mume aliyepotelea machimboni, pete, mwizi wa mbolea. Mwalimu aliacha kuja Jumamosi kwa msimu mzima. Aliporudi alikuwa mkimya zaidi, na hata umbea aliupunguza. Karani wa kinu alioa kweli, muuguzi mwingine kabisa, naye hakutamka lolote.

Kisha alistaafu, akahamia Mkula. Kompyuta ile ilikufa, nikanunua nyingine, na duka likawa na umeme wa nguzo. Siku hizi watoto wanaandika namba kwenye simu na mstari unajichora wenyewe, umepakwa na rangi.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa natoka Mwanza. Niliteremka Nyashimo, nikapanda pikipiki mpaka Mkula. Nyumba yake ilitazama majaruba ya mpunga, na mchana ule maji yalikuwa yamejaa majarubani, mbingu imelala ndani yake, ndege weupe wamesimama hapa na pale bila kusogea. Nilivua viatu kizingitini.

"Nani amevua viatu?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mimi, Mwalimu. Wa dukani. Shikamoo."

"Marahaba, mayu! Ingia, ingia. Karanga zipo."

Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliketi mkekani, karibu na mlango, uso umeelekezwa kwenye mwanga. Tulizungumza habari za mji: nani amefariki, nani amejenga. Aliuliza kama kisima kinatoa bado. Nilimwambia kinatoa, na bweni limeongezwa la pili. Aliuliza habari za yule msichana wa kidato cha pili. Nilimwambia ana duka la dawa Nyashimo, nimempita sasa hivi, ana miwani na anakaripia watu.

Alicheka. Ndipo nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni miaka yote: kwamba siku ile alipoigeuza karatasi nilielewa alichofanya, na kwamba nimemheshimu kwa uongo ule kuliko kwa kweli zake zote.

Mkono wake ulitafuta karanga kwenye bakuli, ukaiacha.

"Uongo gani, mayu?"

"Wa karatasi."

"Mwenyekiti alikuwa ameibandika juu chini," alisema. "Hakuwa na miwani yake. Namba zilikuwa zimesimama kwa vichwa. Mimi nilisimama kuwaambia wasichimbe popote, hiyo siyo ramani, nipeni siku moja niipange. Lakini ningeongeaje mbele ya grafu iliyosimama kwa kichwa? Nikaiweka sawa kwanza. Basi. Nilipogeuka mmeshapiga makofi."

Nje, ndege mmoja aliinua mguu akaurudisha majini.

"Ulikuwa na nukta mbili tu," alisema kwa upole, kama mtu anayesahihisha daftari. "Niligeuza karatasi. Maji yakatoka. Ukapiga mstari."

"Lakini uliketi, Mwalimu. Ulikuwa bado hujasema, ukaketi."

"Niliketi."

"Kwa nini?"

Alimwaga karanga mkekani, akazipapasa kwa vidole mpaka akapata iliyobingirika mbali na nyingine. Hakuiondoa. Aliweka kidole juu yake.

"Babu alipoinama, kidole chake kiliangukia kwa mjane. Katika karatasi nzima, kwa mjane. Wenzake walisema yule mtoto alilala kivulini akatunga. Mimi nilikuwa nimemwambia basi, nikaandika. Nikatazama dirishani, nikamwona. Ningesema. Nilikuwa na maneno yote kinywani. Kama lingetoka vumbi, mayu, ningekuwa nimemuuza kwa kukaa kimya."

"Kwa hiyo ulijua kwamba maji yapo."

"Sikujua. Nukta moja haijui kitu."

"Basi uliamini."

Alitabasamu, macho meupe kwenye mwanga. "Unaunganisha tena."

Nilimwambia kwamba watu wananiomba niandike habari zake, na sasa sijui niandike nini.

"Andika nilisimama," alisema. "Andika niligeuza karatasi. Andika niliketi. Andika maji yalitoka."

"Na katikati?"

"Acha nafasi."

Kisha alizikusanya karanga za kundi kwa viganja vyote viwili, akanimiminia kwenye khanga yangu nile njiani. Ile moja ilibaki mkekani. Nilipokuwa nafunga kamba za viatu kizingitini nilimsikia akiitafuta kwa vidole, taratibu, na alipoipata hakuisogeza.